Somo: Namna ya kuwapima wapiga piano wa jazz na wa klasiki bila kumwonea yeyote

Wapiga kinanda wenzangu wa Dodoma na kwingineko, salaam. Ubishi wa nani mkali zaidi, wa jazz au wa klasiki, unaibuka karibu kila tukimaliza mazoezi ya kwaya, na kila mara unaishia kwenye kasi ya vidole. Kasi inadanganya, kwa sababu wote wawili wanayo. Kinachowatofautisha ni kile ambacho kila mmoja amekwisha kukiamua kabla kidole hakijagusa kitufe. Wa klasiki nota anaijua tayari, kwa hiyo akili yake iko kwenye namna ya kuipiga. Wa jazz namna ya kupiga ameiachia mikono, na akili inatafuta nota ipi ifuate. Fuata hatua hizi ulisikie mwenyewe.

Hatua ya 1: Chagua wimbo mmoja, wapigaji wawili

Usiweke Chopin, mtunzi wa klasiki, upande mmoja na blues upande wa pili, hutajifunza kitu. Tafuta Humoresque namba 7 ya Antonín Dvořák, aliyoiandika mwaka 1894, ikipigwa na yeyote anayefuata nota. Kisha tafuta ileile kwa Art Tatum, mpiga piano wa jazz wa Marekani, aliyoirekodi mwaka 1940. Tatum alizaliwa Toledo, Ohio, mwaka 1909, na macho yake yalikuwa karibu hayaoni kabisa. Vipande vyote viwili ni vifupi, havitamaliza bando.

Hatua ya 2: Anza na mkono wa kushoto

Wengi wetu tunakimbilia mkono wa kulia kwa sababu ndio unaoimba. Acha. Kwa Tatum, sikiliza kushoto kunavyoruka: bezi chini kabisa kwenye pigo la 1 na la 3, kodi (nota kadhaa zinazopigwa pamoja) katikati ya kinanda kwenye pigo la 2 na la 4. Kuruka hivyo bila kukosea, huku mkono wa kulia ukimwaga nota, ni ufundi wa mikono wa daraja la juu kabisa. Anayesema watu wa jazz hawana tekniki hajausikiliza mkono huu.

Hatua ya 3: Sikiliza mguso

Sasa rudi kwa yule wa klasiki. Ndani ya kodi moja yenye nota nne, nota ya wimbo inasikika juu ya nyingine tatu, ingawa vidole vyote vimeshuka pamoja. Anapofifisha sauti, anafifisha kwa ngazi ndogondogo, na kikanyagio kinaachiliwa pale kodi inapobadilika. Huku ndiko miaka yake ya mazoezi ilikokwenda. Msikilize mara ya pili na ya tatu. Mara ya kwanza haitoshi.

Hatua ya 4: Tenga kilichobuniwa papo hapo na kilichopangwa

Hatua hii ndiyo ngumu, nayo inataka subira. Si kila kinachopigwa kwa jazz kimebuniwa palepale. Nyimbo nyingi za Tatum mwenyewe alizipiga kwa mpangilio uliokaribiana mwaka hadi mwaka. Ukitaka kusikia mtu aliyepanda jukwaani bila wimbo ulioandaliwa, msikilize Keith Jarrett, mpiga piano wa jazz wa Marekani, katika onyesho lake la Köln, Ujerumani, tarehe 24 Januari 1975. Piano aliyopewa ilikuwa mbovu: sauti za juu zilikuwa nyembamba na bezi dhaifu. Akabaki zaidi katikati ya kinanda, mkono wa kushoto ukirudiarudia mchoro uleule, na akajenga zaidi ya saa moja ya muziki juu yake.

Wala kubuni si mali ya jazz peke yake. Mwaka 1747, Johann Sebastian Bach alipewa wimbo na mfalme wa Prussia huko Potsdam, akaugeuza palepale kuwa fuga ya sauti tatu, yaani sauti zinazoingia moja baada ya nyingine na wimbo uleule. Mkesha wa Krismasi wa 1781, Kaisari Joseph II aliwashindanisha watunzi na wapiga piano wawili, Mozart na Clementi, mjini Vienna, na kubuni kulikuwa sehemu ya mtihani. Baadaye Mozart alimwandikia baba yake kwamba Clementi ni fundi wa mitambo tu, hana ladha. Ubishi wetu wa Dodoma, kumbe, ni wa siku nyingi! Kisha Beethoven, naye mbunifu aliyeogopwa Vienna, akaandika katika konserto yake ya tano (utungo wa piano na okestra), mwaka 1809, kwamba mpigaji asibuni kadenza, yaani kipande cha kupiga peke yake, bali aendelee na kilichoandikwa. Karne hiyo nota zilichapishwa kwa wingi, vyuo vikaweka mitihani, na kazi ya mpigaji ikawa kutimiza alichoandika mwingine. Waliobaki na kubuni zaidi ni wapiga ogani wa makanisani, hasa Ufaransa.

Wanasayansi wa Leipzig, Ujerumani, waliipima tofauti hii ya wa jazz na wa klasiki. Katika utafiti uliochapishwa 2018, wapiga piano 30, nusu wa jazz na nusu wa klasiki, waliiga kodi walizoonyeshwa kwenye skrini bila sauti. Ilipotokea kodi isiyotarajiwa, wa jazz waliwahi kujipanga upya. Wa klasiki walikosea vidole mara chache zaidi.

Hatua ya 5: Jaribu mwenyewe

Chukua tenzi yoyote ya sauti nne. Kwanza ipige kiklasiki: andika namba za vidole kwa penseli, usizibadilishe, kisha imba sauti ya tatu huku ukipiga zote nne. Ukiweza kuifanya sauti ya tatu isikike juu ya nyingine bila kubadili kasi, umeanza kuujua mguso.

Kisha funika karatasi. Kushoto bezi na kodi tu. Kulia weka nota za kodi kwenye mapigo mazito na nota za kupita katikati yake. Wimbo unapotoka kodi ya so kwenda do, tanguliza re-fa-la-do, halafu so-ti-re-fa, ndipo utue do. Zoea hilo kwa funguo zote 12. Jumapili sadaka inapotolewa, wimbo umekwisha na foleni bado ndefu, hapo ndipo utakapolihitaji.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Nkuhungu: Shikamoo mwalimu. Ina maana wa klasiki akinyang'anywa karatasi hawezi kitu?

Jibu: Marahaba. Hapana, wengi hupiga bila karatasi kwa sababu wamekariri. Ila kukariri si kubuni. Wapo wanaobuni: Robert Levin wa Marekani hutunga kadenza za Mozart jukwaani, na Gabriela Montero wa Venezuela huwaomba wasikilizaji wamwimbie wimbo kisha aujenge palepale. Uwezo upo, masomo yao mengi hayaudai.

Mwanachama, Kondoa: Na wa jazz je, anaimudu klasiki?

Jibu: Baadhi, sana. Herbie Hancock alipiga Mozart na okestra ya Chicago mwaka 1952 akiwa na miaka 11. Jarrett huyohuyo wa Köln amerekodi Bach. Oscar Peterson wa Kanada alifundishwa na Paul de Marky, aliyekuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wa Liszt, gwiji wa piano wa karne ya 19. Lakini usimpe mtu wa jazz etidi (kipande cha kunolea vidole) ya Chopin leo ukamdai kesho. Ile inataka kidole hiki, mahali hiki, kila mara.

Mwanachama, Mvumi: Wazee wetu wa Kigogo wanapiga ilimba (ala ya vijiti vya chuma vya kubonyeza kwa vidole gumba) bila nota. Hiyo nayo ni jazz?

Jibu: Si jazz, ni yetu, na ina kubuni kwake: mchoro unajulikana, mpigaji anaugeuzageuza ndani ya mipaka. Msikilize hayati Hukwe Zawose, aliyefundisha pia Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Ukimfuatisha kwa piano kuna sauti itakugomea. Ngazi ya Kigogo inafuata sauti za asili ambazo uzi mmoja huzitoa wenyewe juu ya sauti yake kuu, na ile ya saba kati ya hizo iko chini kidogo ya kitufe kilicho karibu nayo zaidi. Usiilazimishe.

Mwanachama, Kizota: Kinanda changu ni cha oktava 5, vitufe vyepesi. Nitaweza?

Jibu: Hatua ya 5 upande wa kubuni, bila shida yoyote. Kwa mguso, bonyeza kitufe kimoja taratibu kisha kwa nguvu. Sauti isipobadilika, kinanda hicho hakisikii uzito wa kidole, na itabidi uombe saa moja moja kwenye piano ya kanisa au shule iliyo karibu nawe.