Somo: Kuwasaka mliosoma nao, kuanzia rejista ya kidato cha kwanza

Kundi letu lilinipa ukatibu kwa sababu moja tu: sikuwepo siku ya mkutano. Tulimaliza kidato cha nne mwaka 1998 katika shule ya bweni hapa Nakuru (wakati huo bado manispaa, ujiji umekuja 2021), na tunakutana Desemba. Kuwasaka wenzetu kumenichukua miezi 7. Wengi wananiuliza nilifanyaje, basi nimeandika.

Hatua ya 1: Orodha. Kila mtu hukimbilia orodha ya waliofanya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne. Hiyo ni ya waliofika mwisho. Nenda shuleni na barua, uombe kuona rejista ya kidato cha kwanza. Katika yetu nilikuta majina 14 ambayo hayapo kwenye orodha ya mtihani: wa karo, wa mimba, waliohamishwa. Anza na hao. Mmoja aliyetoka kidato cha pili kwa sababu ya karo aliniuliza mara mbili kama sijakosea nambari.

Hatua ya 2: Autografu. Mnakumbuka vile vitabu vya kuandikiana maneno ya kuagana na anwani tulivyozungusha muhula wa mwisho? Simu za mkononi hatukuwa nazo, Safaricom yenyewe ilianza mwaka 2000. Tuliandikiana sanduku la posta, tena la shule ya msingi, la kanisa au la kazini kwa baba. Usilidharau. La shule ya msingi linakupa kijiji, la kanisa linakupa katekista anayejua kila boma. La kazini ndilo gumu: wenzetu wa Webuye, baba zao walikuwa kiwanda cha karatasi, kikafungwa 2009, watu wakatawanyika. Huko nilisaidiwa na mama wa sokoni aliyewahi kuwauzia maziwa.

Ukifika kijijini, usianzie kwa chifu. Watu wakisikia chifu anakutafuta wanafikiria deni. Uliza stendi ya bodaboda, na usitaje jina la mwenzako, taja baba yake: "boma la mzee aliyekuwa na kinu cha kusaga." Kwa wasichana walioolewa, mtafute kaka. Kaka habadilishi jina.

Hatua ya 3: Simu ya kwanza. Hapa ndipo wengi huharibu. Mtu hajakusikia miaka 25, nambari haijui. Anachowaza ni mchango: mazishi, harusi au siasa. Kwa hiyo tuma ujumbe mfupi kwanza, useme wewe ni nani, bweni gani, na lile jina la utani ulilolichukia. Ukipiga, usitaje pesa hata kidogo.

Wala usiulize, "Siku hizi unafanya kazi gani?" Wewe unaona ni salamu, yeye anasikia mtihani mwingine. Mimi huuliza mvua. Mahindi yamekuaje huko Kitale, ziwa limepanda tena huko Dunga? Mtu akishaongea mvua, ya kazi atayasema mwenyewe, au hatayasema, na ni haki yake. Na kama familia ilihama Nakuru baada ya yale ya mwanzo wa 2008, ghasia za baada ya uchaguzi, usiulize walihama kwa nini.

Mwisho omba ruhusa ya kumuingiza kwenye kundi la WhatsApp. Mmoja tulimtumbukiza bila kumuuliza, akatoka baada ya dakika 3. Kumrudisha kulichukua miezi 2.

Hatua ya 4: Habari za vifo. Mtu alitutumia picha ya mshumaa na jina la mwenzetu. Tukalia, tukachanga siku 4. Nikapiga ile nambari ya zamani nikitarajia kumpa pole mjane, akapokea marehemu mwenyewe, yuko Kibuye, Kisumu, anafungua beli la mitumba. Aliyefariki alikuwa mtu mwingine wa jina lilelile. Swali lake la kwanza lilikuwa pesa ziko wapi. Tangu hapo, hakuna mshumaa kabla sijaongea na mtu wa nyumbani.

Hatua ya 5: Tarehe. Januari ni karo. Agosti ya mwaka unaogawika kwa 2, watu wa Bungoma wana tohara, hutawapata. Desemba nauli hupanda lakini wengi wako nyumbani.

Maswali ya wanachama

*Wa Kisumu: Katibu, mimi huweka nambari kwenye M-Pesa kana kwamba natuma pesa, nione jina. Ni vibaya?*

Hata mimi nimefanya. Ila laini hubadilisha wenyewe, jina likiwa geni usibishane na mtu. Na kuijua nambari si ruhusa ya kuisambaza, tuna sheria ya kulinda data tangu 2019.

*Dada wa Kakamega: Niliyekaa naye dawati moja nimempata. Anasema hawezi kuja, hana nguo ya kukaa na wakubwa.*

Dada, usimsukume kwenye simu. Mtembelee, unywe chai kwake. Kisha mwambie mtasafiri pamoja, matatu moja, na nauli mmalizane nyinyi wawili. Jina lake lisipite kwenye orodha yoyote ya "waliosaidiwa". Kwa sababu hiyo hiyo, orodha ya michango haitawekwa kwenye kundi. Mweka hazina anajua, inatosha.

*Wa Eldoret: Na yule kiranja wa bweni aliyekuwa akitunyang'anya mikate na kutulaza sakafuni? Naye amealikwa?*

Jina lake limo kwenye rejista, ndugu yangu, nami nilimpigia. Alinyamaza kwa muda, kisha akauliza kama wewe utakuja. Sikuwa na jibu, nikamwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza. Ukisema aje lakini asikae meza yako, nitapanga viti hivyo.