Jinsi ya kutengeneza jin na toniki nyumbani, na ule uchungu ulitoka wapi

Uchungu ndo kinywaji chenyewe, kwahiyo kama we ni wa kuchukua soda yoyote nyeupe hapo grosari ukamiminia jin ukasema tayari, hapana, hiyo ni jin na Sprite.

Ule uchungu ni kwinini, inatoka kwenye magome ya mti wa sinkona wa milima ya Andes kule Amerika Kusini. 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, wakafanikiwa kuitenga kwenye magome, na Waingereza waliokuwa India wakawa wanainywa kwa ajili ya malaria. Chungu balaa! 1858 jamaa wa London, Erasmus Bond, akachukua hataza ya maji ya gesi yenye kwinini, ndo toniki yenyewe. Stori ya mjini ni kwamba wanajeshi waliitia jin ili dawa ishuke, sawa, ila 1868 kinywaji hiki kinatajwa kwenye gazeti la michezo huko India, na wanaokiagiza ni watu wametoka kuangalia mbio za farasi, sasa mgonjwa hapo nani.

Haya, toniki ilale kwenye friji, ile iliyoshinda juani kwenye kreti ukiifungua gesi yote inakimbia. Glasi ndefu, jaza barafu mpaka juu, na msibane barafu jamani, zikiwa chache ndo zinayeyuka chap na kinywaji kinakuwa maji maji. Jin toti mbili, toniki mara tatu ya hapo, imimine taratibu ubavuni mwa glasi afu koroga mara moja tu basi. Ndimu zile ndogo za ngozi nyembamba za soko la Kilombero au la Mbuyuni, kamua kipande, afu ganda lipitishe kwenye mdomo wa glasi, harufu yote iko pale. Najua Moshi wengi mtaweka Konyagi, mi sina neno, ongezeni ndimu tu.

Una wasiwasi na toniki yako? Peleka kwa wakala mwenye kile kitaa cha kukagulia noti feki, imulike, kama ina kwinini inawaka bluu kabisa.

Ila usije ukaifanya dawa. Marekani sheria hairuhusu kwinini izidi miligramu 83 kwa lita ya toniki, wakati dozi ya malaria kwa mtu mzima ni kama miligramu 600 kila masaa 8, piga hesabu, ni zaidi ya lita 20 kwa siku. Homa ikikushika kapime, dawa ya mseto ipo.