Namna ya kuitambua besofili kwenye slaidi ya damu

Besofili ndiyo seli nyeupe ya damu iliyo adimu kuliko zote. Kwa mtu mwenye afya huwa karibu asilimia 1 au pungufu, kwa hiyo ukihesabu seli nyeupe 100 usiione hata moja, hilo si kasoro. Kinachosumbua zaidi ni kwamba punje zilizo ndani yake, zinazoitambulisha, huyeyuka kwenye maji. Slaidi iliyotengenezwa ovyo huzipoteza kabla hujafika kwenye hadubini.

Anza na damu ya kichupa cha EDTA (dawa ya kuzuia damu isigande), kile chenye kifuniko cha zambarau, na uipake ndani ya saa 2 tangu itolewe. Tone liwe dogo, na slaidi ya kusukumia iinamie nyuzi 30 hadi 45. Utando ukauke kabisa kwa hewa, kisha uzamishe kwenye methanoli halisi kwa dakika 2 au 3. Hapa ndipo wengi huharibu. Chupa ya methanoli ikiachwa wazi hunyonya unyevu wa hewa, na kwenye joto la mwambao, kama Mombasa au Dar es Salaam, haichukui muda. Methanoli yenye maji huzimomonyoa punje, na chembe nyekundu nazo hutokea na madoa yanayong'aa. Ukiyaona madoa hayo, tupa methanoli hiyo, ufungue nyingine.

Kwa rangi, aliyezoea slaidi za malaria aache bafa yake (maji yanayoshikilia kiwango cha asidi, yaani pH) ya pH 7.2. Hiyo ni ya vimelea. Kwa seli nyeupe tumia pH 6.8, la sivyo kila kitu kitavuta ubluu na punje za neutrofili, seli nyeupe iliyo nyingi kuliko zote, zitakuwa nyeusi kukudanganya. Changanya rangi ya Giemsa mililita 1 na bafa mililita 9, acha dakika 10 hadi 15, kisha suuza kwa bafa hiyo hiyo, haraka. Usiiache chini ya bomba ukaenda kuandika daftari.

Weka mafuta, tumia lenzi ya x100, na ukae pale ambapo chembe nyekundu zinakaribiana bila kulaliana. Besofili ina upana wa mikroni 10 hadi 14. Punje zake ni kubwa, za zambarau iliyoiva hadi kuwa nyeusi, hazilingani, na zimelala juu ya kiini chenyewe kiasi kwamba huwezi kuhesabu vipande vya kiini hicho. Ni kama mtu amemwaga pilipili manga iliyopondwa nusunusu.

Eosinofili, seli nyeupe nyingine, ina punje za rangi ya chungwa, zinazolingana, na kiini chake huonekana wazi. Neutrofili ya mgonjwa mwenye maambukizi makali hupata punje nyeusi pia, lakini ni ndogo na kiini hakifunikwi. Besofili iliyooshwa ndiyo mtihani wenyewe: kiini kilichofifia, vishimo vyeupe, na pengine punje mbili tatu zilizosalia pembeni. Tafuta hizo mbili tatu kabla ya kuipa jina lingine.

Ndani ya punje hizo mna histamini. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi vinavyoshika kingamwili aina ya IgE. Chavua, sumu ya nyuki au protini ya minyoo ikizifunga pamoja IgE mbili zilizo jirani, seli humwaga punje zake kwa dakika chache: mishipa hutanuka, maji huvuja, ngozi huwasha. Baadaye hutoa pia intalukini-4, protini ya kupeana ujumbe kati ya seli, inayosukuma mwili utengeneze IgE zaidi. Dhidi ya minyoo na kupe kazi hiyo ina faida. Kwa mwenye mzio wa karanga ni balaa.

Katika kuhesabu, usitoe hukumu kwa seli 100. Fika 200 au zaidi, kisha zidisha asilimia kwa jumla ya seli nyeupe. Mwenye seli bilioni 6 kwa lita na besofili asilimia 1 ana bilioni 0.06, ambayo ni kawaida. Mashine inayogawa seli makundi matatu tu huzichanganya besofili na nyingine, kwa hiyo namba yake haikusaidii hapa.

Besofili zikizidi bilioni 0.2 kwa lita, rudia slaidi. Zikibaki juu, huku seli nyeupe ni nyingi na changa zimo, mjulishe daktari siku hiyo hiyo: hivyo ndivyo saratani sugu ya damu ya aina ya mayeloidi hujionyesha mara nyingi, na besofili zikifika asilimia 20 ugonjwa huo umeshaanza kwenda kasi.