Jinsi ya kumtambua ng'ombe mwenye mimba kabla hujamlipia

Mimi ni mkaguzi wa nyama. Kwenye karatasi nina uwezo wa kumzuia ng'ombe mwenye mimba akiwa zizini, kabla hajachinjwa. Lakini akishafika kwangu ameshalipiwa, nauli ya lori imeshatoka, na mwenye bucha anasubiri nyama. Ugomvi wa saa hiyo haumsaidii ndama wala mfugaji. Ndiyo maana maelezo haya nawaandikia wanunuzi na madalali: mimba itafutwe mnadani, fedha zikiwa bado mfukoni.

Kama huruma haikutoshi, fikiria uzito. Ng'ombe mkubwa aliyekaribia kuzaa anaweza kuwa na zaidi ya kilo 50 za mfuko wa uzazi, ndama, kondo na maji. Ukinunua kwa mzani au kwa kumkadiria tumbo, vyote hivyo umevilipia, na vyote vinaishia shimoni. Wapo pia wauzaji wanaomwachia jike dume makusudi wakiamini mimba itamnenepesha upesi, kisha wanamleta sokoni.

Anza na maswali, na usiulize "ana mimba?" Jibu la swali hilo unalijua. Uliza alizaa lini mara ya mwisho, kama bado ananyonyesha, na kama dume analala zizi moja na majike. Muulize mwenye mali, halafu mchungaji akiwa peke yake. Mchungaji ndiye aliyemwona akipandwa. Kanuni yangu ni hii: jike aliyeishi na dume, akazaa zaidi ya miezi mitatu iliyopita, na hajaonekana kwenye joto (hali ya kutaka dume) tangu hapo, mhesabu kuwa na mimba hadi mtu athibitishe vinginevyo. Ng'ombe asiye na mimba hurudi kwenye joto kila baada ya siku 21 hivi. Kwa zebu, yaani ng'ombe wa nundu, joto ni fupi na mara nyingi huja usiku, kwa hiyo "sijaona" ya mchungaji ina uzito mdogo kuliko "nimeona".

Kisha mtazame. Mtamba (jike ambaye hajawahi kuzaa) huanza kujaza kiwele kuanzia mwezi wa nne au wa tano wa mimba, nayo ni dalili nzuri. Kwa mbuguma (jike aliyeshazaa) kiwele hujaa wiki za mwisho tu, kwa hiyo kiwele kilichonywea hakikuhakikishii lolote. Tumbo la mimba hutokeza chini upande wa kulia, maana kushoto kumejaa tumbo la chakula. Kipindi cha ukame ndicho kibaya zaidi: wafugaji huuza majike kwa wingi, nao wamekonda kiasi kwamba mimba ya miezi mitano haionekani kabisa.

Kuanzia mwezi wa sita unaweza kutumia ngumi. Simama upande wa kulia, weka ngumi chini ubavuni mbele ya goti la mguu wa nyuma, sukuma ndani kwa nguvu ya wastani, legeza kidogo bila kuondoa mkono, rudia. Kitu kigumu kikikurudia na kugonga ngumi, huyo ni ndama. Usipokisikia, hujathibitisha kitu; pengine amelala mbali na mkono wako.

Kwa mimba changa hakuna njia ya mkato. Mwite daktari wa mifugo aingize mkono kwenye puru (njia ya haja kubwa). Mwenye uzoefu hutambua mimba ya siku 40 hivi, na kwenye mwezi wa tatu hadi wa nne husikia vifundo vya kondo na mtetemo wa mshipa wa damu unaolisha mfuko wa uzazi. Usijaribu mwenyewe: mkono usiojua huchana puru au kutoa mimba. Wanunuzi wanaochukua majike kwa mkupuo wanaweza kuchangia gharama ya daktari siku ya mnada. Ni fedha ndogo ukilinganisha na hasara ya mfuko mmoja.

Akikutwa na mimba, mbadilishe na maksai au jike mzee asiyezaa, au muuze kwa mfugaji kama mzazi. Aliye kwenye wiki nne za mwisho asipandishwe lori kabisa. Mwongozo wa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani unataka ng'ombe aliye katika asilimia 10 ya mwisho ya mimba asisafirishwe wala asichinjwe, na mimba nzima ni siku 283 hivi.

Kuna wakati lazima achinjwe: amevunjika mguu, au ameshindwa kuzaa na daktari amekata tamaa. Hapo mfuko wa uzazi uachwe bila kupasuliwa. Mwongozo huohuo unasema ndama aachwe ndani ya mfuko bila kuguswa kwa angalau dakika 30 tangu mama afe, na asipewe nafasi ya kuvuta pumzi. Nimewaona vijana wakikimbilia kupasua ili waone kilichomo, wakatazeni. Maji ya mfuko na kondo ndimo vijidudu vya brusela (ugonjwa wa kutupa mimba unaoambukiza pia watu) hujaa zaidi, na humwingia mtu kupitia kidonda, macho au mvuke. Vaa glovu na gambuti, funika macho. Mjamzito asisogee. Kila kitu kifukiwe kwa kina au kichomwe, wala mbwa wasipewe.

Jambo la mwisho ni daftari. Ndama akishathibitika amekufa, mlaze kwa ubavu, mpime kutoka utosini hadi mwanzo wa mkia. Chukua idadi ya miezi, izidishe kwa miezi hiyo ukiongeza miwili, unapata sentimita zinazokaribia: miezi 4 ni 24, miezi 5 ni 35, miezi 6 ni 48. Andika kipimo, tarehe, mnada alikotoka na aliyemleta. Ndama wa sentimita 15 angeweza kumpita mnunuzi yeyote asiye na daktari. Wa sentimita 48 au zaidi huenda angegonga ngumi, kwa hiyo aliyemleta aulizwe kwa jina, na jike wake anayefuata apimwe kabla hajashushwa kwenye lori.