Somo: Kabla hujajaza fomu ya umisionari

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kila mara napata ujumbe wa aina moja: "Mtumishi, naomba fomu, nataka kuwa mmisionari." Fomu ni kurasa chache tu, jioni moja unaimaliza. Shida ni kwamba anayeiomba mara nyingi hajamwambia hata mchungaji wake. Kwa hiyo tunaanzia nyuma kidogo ya fomu.

Hatua ya 1: Kanisa lako kwanza

Fungua Matendo 13. Barnaba na Sauli (ndiye Paulo) hawakujipeleka wenyewe. Walikuwa wakihudumu Antiokia, na kanisa likiwa katika ibada na kufunga ndipo Roho akasema, wakawekewa mikono, wakaachiliwa waende. Timotheo naye alishuhudiwa vema na ndugu wa Listra na Ikonio (Matendo 16:2) kabla Paulo hajamchukua. Mashirika mengi ya umisheni yanafuata njia hiyo: bila barua ya kanisa linalokutuma, maombi yako hayafiki mbali.

Sasa usimwendee mchungaji kuomba barua. Mwendee umweleze kilicho moyoni, kisha umwombe kazi. Watoto wa shule ya Jumapili, wagonjwa, wafungwa, chochote kilichokosa mtu. Kaa nacho mwaka au zaidi. Kama hujawahi kumfundisha mtu neno la Mungu kwa lugha uliyozaliwa nayo, lugha ya kigeni haitakupa huo uwezo.

Hatua ya 2: Lichunguze shirika kabla halijakuchunguza

Soma tamko lao la imani hadi mwisho. Uliza nani analipa nini, nani atakuwa msimamizi wako huko, na ukiugua utarudishwaje. Anayedai ada nene kabla hata ya usaili, au anayetaka kukaa na pasipoti yako, mkimbie. Mtafute pia mmisionari aliyerudi kabla ya muda wake, mnunulie chai na unyamaze usikilize. Atakueleza mambo ambayo vipeperushi havina.

Hatua ya 3: Shika kitu mkononi

Mafunzo ya Biblia yanahitajika, na urefu wake unategemea shirika. Lakini ongeza ujuzi: uuguzi, ualimu, ufundi, hesabu. Zipo nchi ambazo hazitoi viza kwa mtu anayejiandikisha kuwa mmisionari, na anayeishi huko anaishi kwa kazi yake. Paulo alishona mahema (Matendo 18:3). William Carey, mmisionari Mwingereza, alikuwa fundi viatu. Ila kazi iwe ya kweli; kujiita mfanyabiashara huku huna biashara ni uongo, na majirani wataugundua mapema kuliko polisi.

Huyo Carey alifika India mwaka 1793, na Mhindu wa kwanza aliyembatiza, Krishna Pal, alibatizwa Desemba 1800. Miaka saba. Iweke hesabu hiyo moyoni kabla hujawaahidi watu kwamba utarudi na picha za ubatizo.

Madeni lipa. Shirika litauliza, na aliyekukopesha atauliza kwa sauti zaidi.

Hatua ya 4: Fomu yenyewe

Hapa ndipo wengi wanaanguka, na wanaangukia kwenye ushuhuda. Nimesoma shuhuda nyingi za namna hii: "Nilikuwa gizani, Bwana akanitoa, tangu hapo nina mzigo mkubwa wa mataifa." Yote yanaweza kuwa kweli, lakini yeyote angeweza kuyaandika. Linganisha na huu:

"Nilipewa darasa la vijana sita. Wawili waliacha kuja kwa sababu nilikuwa nawakaripia mbele ya wenzao. Niliwafuata nyumbani kuwaomba radhi. Mmoja alirudi."

Msaili akimaliza kusoma hapo ameshaona mtu. Anajua una hasira, anajua unajua kuomba radhi, na anajua hukudanganya kuhusu yule wa pili.

Wadhamini wachague wanaokufahamu kazini na nyumbani. Barua ya mtu mwenye cheo aliyekuona mara mbili haina uzito. Sehemu ya afya jaza ukweli wote, pamoja na sonona kama uliwahi kuipitia. Kilichotibiwa kinaweza kupangiwa msaada. Kilichofichwa kitajitokeza ugenini, usiku, mbali na daktari.

Hatua ya 5: Usaili

Utaulizwa mara ya mwisho uligombana na nani na mlimalizaje. Usijibu "mimi huwa sigombani." Ugomvi kati ya wamisionari wenyewe kwa wenyewe umewarudisha wengi nyumbani, na hata Paulo na Barnaba walitengana kwa ajili ya Yohana Marko (Matendo 15:39). Wanataka kujua utaishije na mwenzako mnapotumia jiko moja.

Hatua ya 6: Fedha na safari

Andika bajeti ya mwaka: nauli, pango, chakula, bima, shule ya lugha, na nauli ya kurudi ghafla. Hiyo ya mwisho wengi huisahau hadi wapate msiba. Wafadhili waonyeshe bajeti yenyewe, si hisia zako. Nchi nyingi zinataka pasipoti yenye angalau miezi 6 mbele. Cheti cha homa ya manjano kinaanza kutambulika siku 10 baada ya chanjo, hivyo usichanje siku ya kupanda ndege; tangu 2016 kinadumu maisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shalom mwalimu. Nina miaka 48, nimeshachelewa?

Jibu: Shalom. Kwa huduma ya muda mrefu baadhi ya mashirika yana ukomo wa umri, uliza mapema. Lakini mhasibu au muuguzi mwenye uzoefu wa miaka 20 anatafutwa sana kwa huduma za mwaka mmoja au miwili. Lugha itakuchosha kuliko vijana. Anza sasa.

Swali: Mimi nina wito, mume wangu hana. Naweza kuomba peke yangu?

Jibu: Hapana, dada yangu. Kwa wanandoa, kila mmoja hujaza fomu yake na kusailiwa. Usimvute kwa maono wala kwa machozi. Tumikeni pamoja hapo mlipo, na umwache aseme mwenyewe.

Swali: Wazazi wamekataa kabisa, wanasema nimesomeshwa ili nisaidie wadogo zangu.

Jibu: Usiwaite maadui wa injili, hoja yao ina uzito. Kaa nao, mwambie mchungaji awatembelee, na uweke kwenye bajeti fungu la nyumbani kama shirika linaruhusu. Nimeona wazazi wakilainika walipoonyeshwa mkataba na jina la msimamizi. Hofu yao mara nyingi ni kwamba mtoto anapotelea kusikojulikana.

Swali: Mtumishi, nilikataliwa bila kupewa sababu. Niombe shirika lingine?

Jibu: Kwanza waandikie kwa upole ukiuliza ni eneo gani urekebishe, wengine hujibu. Kisha muulize mchungaji wako aliandika nini kwenye barua yake. Usimuulize kwa simu.