Mtoto wa mbwa wa mbegu kubwa: namna ya kumpimia chakula mpaka akomae

Wanaokuja kwangu Uyole, Mbeya, kuchukua watoto wa mbwa huuliza bei, kisha chanjo, na mwisho kabisa, mbwa akiwa tayari mikononi mwao: "Huyu anakula nini?" Ni wachache wanaouliza anakula kiasi gani. Na hicho kiasi ndicho kinachoamua kama miguu yake itasimama sawa akifikisha mwaka.

Nafuga German Shepherd na Boerboel, mbwa wa kilo 30 mpaka 60 na zaidi. Mifupa yao huchukua mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kukomaa, na muda wote huo ncha za mifupa bado ni laini. Mwili ukitangulia kunenepa, uzito unaikandamiza mifupa ambayo haijawa tayari kuubeba. Ukubwa wake wa mwisho karibu wote ameurithi kwa wazazi wake. Chakula cha kupita kiasi kinamfikisha huko mapema tu, na viungo vibovu.

Hatua ya 1: Mpime uzito kila wiki

Panda kwenye mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe tofauti. Kama huna mizani ya namna hiyo, mtie kwenye kiroba safi, kichwa kikiwa nje, umpime kwa mizani ya kuning'iniza ya wauza viazi. Andika tarehe na kilo kwenye daftari. Siku iwe ile ile, kabla hajala.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kalori

Hesabu hii hutumiwa na madaktari wa mifugo, na simu yako inatosha. Zidisha uzito wake kwa wenyewe mara tatu, tafuta kipeuo cha pili, kisha tafuta tena kipeuo cha pili cha jibu hilo. Zidisha kwa 70. Hizo ndizo kalori za kuuendesha mwili tu, akiwa amelala. Kwa kuwa anakua, zidisha kwa 3 mpaka afikishe miezi 4, halafu kwa 2 mpaka akaribie ukubwa wake.

Tuseme ana miezi 2 na kilo 8. 8 × 8 × 8 ni 512. Kipeuo chake ni 22.6, na kipeuo cha hicho ni 4.76. Mara 70 ni 333, mara 3 ni karibu kalori 1,000 kwa siku.

Sasa mchukue mbwa huyo huyo amefika kilo 16, amepita miezi 4. 16 × 16 × 16 ni 4,096, kipeuo 64, kipeuo tena 8. Mara 70 ni 560, mara 2 ni 1,120.

Tazama vizuri hapo. Uzito umekuwa mara mbili, chakula kimeongezeka kidogo sana. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mbwa amekua mara mbili, na bakuli nalo linajazwa mara mbili. Katika miezi 4 hadi 6 mbwa anaonekana mkubwa na ana njaa kila saa, na huruma inamponza.

Hatua ya 3: Geuza kalori kuwa chakula

Chakula kikavu cha kiwandani mara nyingi kina kalori 350 hadi 400 kwa gramu 100, lakini soma mfuko wako. Chagua kilichoandikwa kwa ajili ya watoto wa mbwa wa mbegu kubwa, kalsiamu isizidi asilimia 1.8. Pima gramu mara moja kwa mizani ya jikoni, mimina kwenye kikombe, chora mstari. Kuanzia hapo tumia kikombe hicho tu.

Wengi wetu huku tunapika. Unga wa dona una kalori kama 360 kwa gramu 100, na dagaa wakavu hawako mbali na hapo, kwa hiyo pima vyote vikiwa vikavu kabla ya kupika. Mimi naweka mafungu mawili ya unga kwa fungu moja la dagaa. Kwa yule wa kilo 8: unga gramu 180, dagaa gramu 90, na kijiko cha chai cha mafuta. Dagaa wa Nyasa wanaopanda kutoka Kyela wanafaa sana, kwa sababu mbwa anawala na mifupa yao, na kalsiamu inatoka humo. Waoshe mchanga uishe, uwasage. Mara mbili kwa wiki badilisha sehemu ya dagaa kwa ini kidogo au yai lililoiva. Hata hivyo, chakula cha nyumbani peke yake ni vigumu kukamilisha madini yote. Ukimudu, nusu ya kalori zitoke kwenye chakula cha kiwandani.

Mahindi yenye ukungu usiyasage kwa ajili ya mbwa. Najua ndiyo desturi, yale yaliyonyeshewa ghalani yanatengwa "ya mbwa". Sumukuvu, yaani sumu inayotokana na ukungu huo, inaua ini la mbwa, na kupika hakuiondoi.

Hatua ya 4: Gawa milo

Miezi 2 hadi 3, milo minne. Mpaka miezi 6, mitatu. Baada ya hapo miwili, maisha yake yote, kwa kuwa mbwa wakubwa wenye vifua virefu tumbo linaweza kujaa gesi na kujipinda. Asikimbizwe akitoka kula. Ondoa bakuli baada ya dakika 15.

Hatua ya 5: Uamini mkono wako kuliko hesabu

Hesabu ni mahali pa kuanzia. Kila unapompima uzito, pitisha vidole ubavuni. Kunja ngumi, gusa vifundo vyake kwa mkono wa pili: mbavu zikiwa hivyo, amekonda. Fungua mkono, gusa mgongo wa kiganja: hivyo ndivyo inavyotakiwa. Geuza, gusa vidole upande wa ndani: amenenepa, punguza asilimia 10, angalia tena wiki ijayo. Ukimtazama kwa juu, kiuno kionekane.

Juni na Julai, baridi ya huku ikishika, anayelala nje hula zaidi. Ongeza, lakini mbavu ndizo zikuruhusu. Na tumbo kubwa kwenye mwili mwembamba mara nyingi ni minyoo, si shibe.

Majirani watasema unamnyima. Nchini Marekani watafiti walifuatilia mbwa 48 wa mbegu ya Labrador tangu udogoni, nusu yao wakipewa chakula pungufu kwa robo. Matokeo yalitoka 2002: waliopunguziwa waliishi karibu miaka 2 zaidi, na nyonga zao zilikuwa bora.

Hatua ya 6: Usiongeze kalsiamu

Niliwahi kuletewa dume la miezi 5, miguu ya mbele imepinda kwa nje, vifundo vimevimba. Mwenye mbwa alimpenda mno. Alimpa chakula kizuri cha kiwandani, na juu yake kijiko cha unga wa mifupa ule wa kuchanganya kwenye chakula cha kuku, kila mlo. Utumbo wa mtoto wa mbwa hauwezi kuikataa vizuri kalsiamu iliyozidi, unaipokea nyingi mno, na mifupa inajengeka vibaya. Tuliacha unga, tukapunguza chakula. Alipata nafuu, ila miguu haikunyooka kabisa. Anayekula nyama tupu naye huumia kwa upande wa pili: kalsiamu inakosekana, mifupa inavunjika kirahisi.

Mbwa akianza kuchechemea, mpeleke kwa daktari wa mifugo na daftari lako la uzito. Usimpe diklofenaki wala ibuprofeni za nyumbani, zinatoboa tumbo na kuharibu figo.