Mtoto mchanga haongezeki uzito: anzia kwenye namna anavyonyonya

Kabla ya kumsikiliza anayekuambia maziwa yako ni mepesi, hakikisha kwanza kwamba tatizo lipo. Mtoto hupungua uzito siku chache baada ya kuzaliwa, na hilo ni la kawaida mradi asipoteze zaidi ya asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao. Wengi huwa wameurudisha kabla ya kutimiza wiki mbili. Tangu hapo hadi miezi mitatu, tarajia gramu 20 hadi 30 kwa siku, yaani kama gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Baada ya hapo kasi hupungua yenyewe, na gramu 100 na kitu kwa wiki zinatosha.

Mpime akiwa uchi, kwenye mizani ileile. Nepi iliyolowa na shati moja vinaweza kuzua ongezeko la wiki nzima ambalo halipo. Mara moja kwa wiki inatosha. Ila mtoto ambaye bado hajarudisha uzito wa kuzaliwa apimwe kila baada ya siku mbili au tatu. Katikati, hesabu nepi. Kuanzia siku ya tano akojoe angalau mara 6 kwa saa 24, mkojo uwe mweupe usio na harufu kali, na apate choo laini cha njano mara tatu au zaidi. Akishapita wiki sita anaweza kukaa siku kadhaa bila choo hata kama anashiba, hivyo wakati huo tegemea mkojo.

Sasa tazama anavyonyonya. Mara nyingi maziwa yapo, ila hayamfikii mtoto. Anakaa ziwani saa nzima, lakini amekamata ncha ya chuchu tu, anachezea, halafu analala kwa uchovu. Na ziwa lisilotolewa maziwa hupunguza kutengeneza, kwa hiyo baada ya siku chache upungufu unakuwa wa kweli.

Mpakate tumbo lake likigusana na lako, sikio, bega na nyonga vikiwa kwenye mstari mmoja. Mshike mabegani, usimsukume kisogo, maana atajipinda nyuma na kuliachia ziwa. Pua yake ielekee chuchu. Gusisha chuchu kwenye mdomo wa juu na usubiri apanue kinywa sana, kama anayepiga mwayo, kisha umlete yeye kwenye ziwa kwa haraka, kidevu kikitangulia. Akikamata vizuri kidevu kinagusa ziwa, mdomo wa chini umebinuka nje, na weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo wake kuliko chini. Mashavu yamejaa. Yakibonyea ndani, au ukisikia mlio wa ulimi, au maumivu yakiendelea baada ya sekunde chache za mwanzo, ingiza kidole safi pembeni mwa mdomo, mtoe, na muanze upya. Chuchu ikitoka imebanwa bapa, hakukamata vizuri, hata kama haikukuuma.

Kisha angalia kidevu. Mwanzoni hutikisika haraka haraka. Hapo anaita maziwa. Yakishuka mwendo unabadilika: kidevu kinashuka, kinatulia kidogo mdomo ukiwa wazi, kinapanda, na unasikia pumzi ndogo ya kumeza. Ule mtulio ndio funda. Usipouona, mtoto hali kitu hata kama mdomo unacheza. Saa ukutani haikuambii lolote hapa. Hesabu mafunda, si dakika.

Akianza kusinzia, shika ziwa kwa kiganja, mbali na weusi, ulibane kwa uthabiti bila kujiumiza huku bado ananyonya. Maziwa yakishuka atameza tena. Akiacha kumeza, achia, sogeza mkono, bana upande mwingine. Ziwa likilainika ndipo umhamishie la pili. Kumhamisha mapema kunamnyima maziwa yenye mafuta zaidi, ambayo hutoka ziwa linapokaribia kuisha.

Anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo. Mtoto mdogo sana, njiti, au mwenye ngozi ya njano hulala kupitiliza njaa, na ukimya wake hudhaniwa shibe. Mwamshe kila baada ya saa mbili hadi tatu: mvue nguo, badilisha nepi, msugue nyayo. Aliyezaliwa chini ya gramu 2500 akae kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi muda mrefu iwezekanavyo. Kujipasha joto mwenyewe kunakula nguvu ambazo zingeenda kwenye uzito.

Ikiwa hayo hayatoshi, nyongeza ya kwanza ni maziwa yako mwenyewe. Kamua baada ya kunyonyesha, dakika 10 hadi 15, kisha mpe. Yatakuwa kidogo mwanzoni, lakini kukamua huko ndiko kunakoamuru ziwa litengeneze zaidi. Hudumu saa 4 yakiwa chumbani kusiko na joto kali, na hadi siku 4 kwenye jokofu. Tumia kikombe kidogo cha wazi: mkalishe wima, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, inamisha hadi maziwa yafike tu mdomoni, naye ayalambe. Usimmiminie, atapaliwa.

Kwa mtoto aliyezaliwa na gramu 2500 au zaidi ambaye chakula chake chote kinapimwa, kadirio ni mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 3 anahitaji mililita 450. Gawanya kwa milo 8, unapata kama 55 kila mlo. Hicho si kiwango cha nyongeza kwa anayenyonya. Ukimpa vyote hivyo hatarudi ziwani akiwa na njaa. Njiti huanza na kidogo na kupandishiwa kila siku, na mhudumu wa afya ndiye apange.

Maziwa ya kopo yakihitajika, tangulia kupima maji kisha ongeza unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, kilichosawazishwa. Kuongeza maji ili kopo lidumu humfanya ajaze tumbo bila kupata nguvu. Kuzidisha unga huelemea figo. Chini ya miezi sita usimpe maji, glukosi, uji wala maziwa ya ng'ombe: vyote huchukua nafasi ya maziwa anayoyahitaji. Asali ni marufuku hadi atimize mwaka, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu, ugonjwa wa sumu inayolegeza misuli.

Kuna sababu ambazo mpakato hautibu. Ulimi uliofungwa kwa chini, fangasi mdomoni, au kwa mama, kipande cha kondo kilichobaki, ugonjwa wa tezi ya shingo au vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni ya estrojeni. Mtoto anayetoka jasho na kuhema anaponyonya achunguzwe moyo. Usisubiri wiki ya kupima ikiwa anakataa kunyonya, ni vigumu kumwamsha, anapumua kwa shida, ana homa au amepoa mwili, anatapika kijani, au hajakojoa kwa saa 8. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, na njiani uendelee kumnyonyesha kama anaweza.